Treni ya ETS kutoka KL (Kuala Lumpur) hadi Butterworth: nyota nne na nusu. Hosteli ya Penang: nyota sifuri

Niko Amu, yaani Lamu, likizo, na tangu nishuke gatini Mokowe swali ni lile lile, kwa vijana waliopata barua za vyuo Malaysia na hata kwa wazazi wao: huko wikendi mwafanya nini, mwatembea ama ni kitabu tu? Twatembea. Tena sana, manake nchi ile ina Wamalai, Wachina na Wahindi, kila watu na sikukuu zao na serikali inawapa wote likizo, yaani mwaka mzima hukosi kitu cha kwenda kutazama. Sasa kila mmoja anataka kujua nilikwenda kwa pesa ngapi na kwa usafiri gani na kueleza mtu mmoja mmoja pale Mkunguni nshachoka, kwa hiyo naandika mara moja hapa kuhusu ile treni iliyonibeba karibu safari zote za maana, ETS, ile ya umeme ya shirika lao la reli KTM, inatoka KL Sentral, stesheni kuu ya Kuala Lumpur, inapanda kaskazini kupitia Ipoh na Taiping hadi Butterworth, ng'ambo ya kisiwa cha Penang, na nyengine zinakwenda mpaka Padang Besar mpakani na Thailand.

Pesa kwanza, najua ndo mnayotafuta. KL hadi Butterworth weka ringgit 60 hadi 80 hivi kwenda tu, inategemea aina ya treni, na ringgit moja hesabu kama shilingi 30 zetu. Basi ni ringgit 35 hadi 50 kwa njia hiyo hiyo. Kwa mwanafunzi tofauti hiyo ni chakula cha siku mbili, sikatai, na wikendi ya kawaida isiyo na lolote basi ni sawa kabisa, panda, lala, utafika. Mimi nazungumzia wikendi ya sikukuu. Hapo basi ni bahati nasibu, na zile ringgit thelathini za juu unalipia uhakika wa kufika kabla watu hawajamaliza sherehe wakafagia.

Nieleze kwa nini. Mwaka Mpya wa Kichina na Idi, ambayo wao huita Hari Raya, nchi nzima inahama. Kila mtu wa KL ana kwao na siku hizo lazima arudi kwao, balik kampung wanaita, na wa kaskazini wote wanamiminika barabara kuu moja. Sisi watu wa Lamu hatutishwi na barabara, mtu aliyepita Garsen na Witu enzi za vumbi na kusindikizwa na polisi ataambiwa nini na lami ya Malaysia? Lakini kuna mkesha mmoja wa Mwaka Mpya wa Kichina tulipanda basi la usiku, kampuni jina naliacha, tukapewa siti za nyuma kabisa ambazo hazilali wala hazisimami wima, kiyoyozi kinadondosha maji kwenye bega la mwenzangu wa Unguja, na nje ni taa nyekundu za magari mpaka jicho linapokomea. Safari ya masaa matano ikawa usiku kucha na asubuhi yake. Alfajiri tuliswali kwenye kituo cha mapumziko cha Tapah, ambacho ukitazama ramani hata nusu ya njia hakijafika. Yule wa Unguja akanitazama akasema, "Ndugu yangu, jahazi lingeshatufikisha." Kuwapigia simu wenye basi, inaita mpaka inachoka. Waliahidi kurudisha pesa kidogo kwa ajili ya zile siti, mpaka leo nangoja.

Treni haina habari hizo. Reli haina foleni ya magari, masaa manne na kidogo, sikukuu iwe isiwe.

Sasa tiketi, na hapa ndo imeanguka ile nusu nyota. Ukienda dirishani wiki ya sikukuu utaambiwa zimekwisha, kwa adabu kabisa, lakini zimekwisha. Wenyewe wanatangaza siku ya kufungua mauzo miezi kabla, na siti za Raya na za Mwaka Mpya wa Kichina zinaliwa haraka ajabu manake wenyeji wanakaa na simu mkononi wanangoja. Kwa hivyo usingoje mpaka uamue unakwenda na nani, kata, wenzio watajijua. Unakatia kwenye programu yao ya simu, jina kama lilivyo kwenye paspoti na namba ya paspoti, unalipa kwa akaunti ya benki ya kule, na kwa hiyo suala la benki limalize wiki zako za mwanzo chuoni usije ukawa unaombaomba kadi ya mtu. Sikukuu zikikaribia huwa wanaongeza treni za ziada, na hizi wageni wengi hawazijui, fuatilia matangazo yao. Tena watu hughairi. Siti iliyorudishwa inatokea kwenye programu saa za ajabu, mimi nimeokota siti saa nane za usiku nikiwa nimeamka kunywa maji.

Kutoka Gombak ninakokaa ni treni moja ya mjini, LRT, bila kubadilisha mpaka KL Sentral. Stesheni ina surau, yaani mahali pa kuswalia, utapata udhu, wanawake wana sehemu yao, hiyo Malaysia nzima huna wasiwasi, stesheni, vituo vya mabasi, maduka makubwa, kote kuna surau na mishale ya kukuonyesha. Chakula beba. Asubuhi pale nje ya hosteli za chuo mama wa Kimalai anauza nasi lemak imefungwa kwenye jani la mgomba, ringgit mbili tatu, wali wa nazi, dagaa wakavu wa kukaanga, njugu, kipande cha yai na pilipili nyekundu tamutamu, mtu wa Amu hana la kulalamika hapo. Halafu sweta. Sitanii, sweta. Joto la nje lisikudanganye, treni na mabasi ya nchi ile yote ni baridi, utaona wenyeji wanatoa jaketi na soksi kwenye begi kama wanakwenda Limuru.

Kaa dirishani. Ukitoka KL kwanza ni majumba, halafu michikichi, halafu michikichi tena, mpaka unaichukia. Karibu na Ipoh inatokea milima ya chokaa, imesimama wima ghafla kwenye uwanda, mawe meupe ubavuni na msitu kichwani. Mbele ya Kuala Kangsar treni inaingia handaki la Berapit, zaidi ya kilomita tatu gizani, masikio yanaziba. Na ukishapita Taiping, angalia hapa, usiwe umelala: maji kulia, maji kushoto, reli inakata ziwa la Bukit Merah katikati, na kama umepata treni ya alasiri kuna wavuvi wamesimama kwenye vidau vyembamba na wewe unawapita kwa kasi wala hawageuzi shingo. Kwa mtu wa kisiwani baada ya miezi ya simiti ya KL, kipande kile peke yake kinalipa nauli.

Butterworth hakuna la kukukalisha. Shuka, fuata watu, njia imeezekwa mpaka jengo la Penang Sentral na feri iko pale pale. Feri mpya zimeanza Agosti 2023, zinabeba watu na pikipiki tu, magari yanapita darajani. Madaraja yako mawili, la 1985 na la 2014 ambalo lina kilomita 24, na watu watakwambia teksi ya programu inapita darajani inakufikisha mlangoni. Asikudanganye mtu. Kisiwa kinaingiwa kwa maji. Ni ringgit chache na dakika chache, meli za makontena zimetia nanga pembeni, mji unakuja mbele yako polepole, na tofauti na Mokowe hakuna manahodha watano wanaovuta begi lako moja kila mtu upande wake. Kidogo nilikosa hata zile kelele.

George Town yenyewe, mji wa kisiwa cha Penang, sitaeleza sana, picha mtaziona. Nitasema tu kwamba UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia 2008 pamoja na Melaka, sisi Amu tulishaingia 2001, kwa hivyo nilikwenda pale na kidomodomo changu nikitaka kuona wenzetu wamefanya nini. Wamefanya. Tarehe 7 Julai, siku waliyoingizwa, Penang ni sikukuu ya mapumziko, watu wanafungua nyumba na karakana zao unaingia unaona fundi anavyofanya kazi. Mji wetu una mafundi wa milango na wa majahazi pale Matondoni ambao mtalii anawapita bila kujua, na siku ya UNESCO sisi hatuna. Hilo nawaachia wenye kaunti. Lakini magari nao yanawaua, vichochoro vimejaa pikipiki na magari ya watalii, huwezi kukaa barazani ukapiga soga kwa moshi. Punda ana heri zake.

Kula: nasi kandar, kule Mtaa wa Chulia na karibu na msikiti wa Kapitan Keling, msikiti uliojengwa na wafanyabiashara Waislamu wa Kihindi mwanzoni mwa karne ya 19. Unachukua wali, unachagua samaki au kuku au kamba, halafu unamwambia "banjir" na yeye anachota mchuzi kwenye kila sufuria anamwaga juu mpaka wali unaelea. Ringgit 10 hadi 15 umeshiba mpaka Isha. Vyakula vya Kichina vya barabarani vinanukia vizuri lakini vingi vina mafuta ya nguruwe, tazama alama ya halali ama uliza, hawakasiriki.

Haya, hosteli. Jina nalihifadhi lakini hasira sihifadhi. Tulilipia vitanda vinne wiki nyingi kabla, tunafika Ijumaa usiku mtu wa mapokezi anatazama kompyuta yake anatabasamu: vitanda viwili vimeuzwa kwa wengine, mfumo umekosea. Mfumo! Basi tunaomba pesa za vile viwili, anasema subiri siku 14 za kazi. Tunaomba tupewe chumba chochote, anasema kipo, bei ya sikukuu, mara mbili na nusu. Tukalala wawili wawili kwenye vitanda vya juu, ngazi inatikisika, shuka ina harufu ya godoro lililoloa, na bafu moja kwa sakafu nzima ambalo mlango wake haufungi, mpaka mtu aimbe ndani ijulikane kuna mtu. Yule wa Unguja aliimba taarab yote anayoijua. Asubuhi chai ya bure iliyoandikwa kwenye tangazo ilikuwa jagi la maji moto na mfuko wa majani wa kujitafutia. Na hii si kwamba hosteli za Penang zote ni hivo, nyengine nililala baadaye nikaona raha, tena bei chini. Ishara ni moja: yule ambaye wiki ya sikukuu hataki kukupa uthibitisho wa maandishi wenye namba ya kitanda, achana naye. Nyumba zetu za wageni hapa wakati wa Maulidi nazo hujaa mpaka watu wanalala darini kwa jamaa, lakini mwenye nyumba wa Amu akikwambia chumba kipo, kipo.

Sasa kilichotupeleka. Wahokkien, ambao ndo Wachina wengi wa Penang, Mwaka Mpya wao wa kweli ni siku ya tisa, sikukuu ya Mfalme wa Mbinguni. Wanasema zamani mababu walikimbia maadui wakajificha kwenye shamba la miwa, siku ya tisa wakatoka salama, kwa hiyo siku hiyo wanatoa shukrani kwa miwa. Sherehe yenyewe ni usiku wa kuamkia, na mwaka 2024 mkesha ule uliangukia Jumamosi, 17 Februari, zawadi kwa kila mwanafunzi. Mahali ni Chew Jetty, kijiji cha ukoo mmoja, nyumba za mbao zimesimama juu ya bahari kwa nguzo, njia ni mbao tupu na chini maji yanapwa yanajaa.

Mimi mjukuu wa mkata boriti, kabla ya kutazama sherehe nilichungulia chini kutazama nguzo. Nyengine mti, nyengine zimetiwa simiti. Bibi mmoja alikuwa amekaa mlangoni anafunga miwa, miwa mizima na majani yake na mizizi yake, miwili miwili, anaifunga kwa karatasi nyekundu, akaona nainama mno akanivuta shati nisianguke, akanipa kamba nishike huku anafunga. Hatukuwa na lugha. Alikuwa ananipiga kidole nikilegeza, basi. Usiku ulipoingia pale mbele barabarani wakapanga meza mwisho usionekane, kitambaa chekundu, mananasi, keki za rangi ya waridi zenye umbo la kobe, mishumaa mirefu, na nguruwe wazima wa kubanika wamelala kifudifudi kwenye sinia. Hapo ndo mama akapiga simu ya picha.

"Mwanangu, na nguruwe hao wote, waenda kufanya nini hapo?"

"Mama, natazama tu."

"Basi tazama kwa mbali."

Nikarudi nyuma hatua tatu ili aone nimetii. Kwa mbali pia kuna faida, manake karibu na saa sita usiku fataki zilianza na moshi ukafunga njia, halafu wakarundika karatasi za dhahabu kama kilima pale ufuoni wakatia moto, na miwa ikaingia humo humo, ikawa inapasuka na sukari yake inanukia mpaka kwenye nguo. Nilifua ile shati bado inanukia. Kama ni kwenda sikukuu moja tu Malaysia nzima na kwa kutoa jasho, nenda hiyo, na uwe umefika kabla ya Magharibi upate pa kusimama. Na hapo unaelewa ninaposema treni, manake wenzetu watatu waliochukua basi siku hiyo hiyo walituma picha za meza zikifagiliwa.

Siku hizo hizo panda na basi la mji namba 203 au 204 mpaka Air Itam, hekalu la Kek Lok Si kilimani huwashwa mataa usiku, mlima mzima. Pazuri kwa picha, umati mwingi, saa moja yatosha.

Thaipusam nayo kila mtu ananiuliza, ile ya Wahindi wa Kitamil na vyuma mwilini. Hii huhitaji ETS kabisa, unapanda treni ya mjini ya shirika hilo hilo, KTM Komuter, kutoka KL Sentral moja kwa moja mpaka stesheni ya Batu Caves, ringgit 2 na senti, na siku za sikukuu huongeza treni mpaka usiku. Usiende kwa gari wala teksi, barabara nyingi za pale karibu zimefungwa. Inaangukia mwezi mpevu, Januari au Februari, 2024 ilikuwa Alhamisi tarehe 25 Januari. Gari la fedha lenye sanamu ya mungu wao Murugan linatoka hekalu la Sri Mahamariamman katikati ya KL usiku, linatembea masaa mengi mpaka mapangoni, na watu nyuma yake miguu mitupu.

Pale mbele ya pango kuna sanamu ya dhahabu ya mita 42.7 iliyosimamishwa 2006 na ngazi 272 zilizopakwa rangi zote za upinde wa mvua. Lakini usitazame sanamu, iko pale siku zote. Tazama watu. Kijana wa umri wangu amebeba kavadi, kiunzi kimepambwa kwa manyoya ya tausi kinamzidi urefu, mgongoni ndimu ndogo zimening'inizwa kwa ndoano kwenye ngozi, safu kwa safu, na ajabu hakuna damu. Nyuma yake mama yake, sari ya manjano, kabeba kigoda cha plastiki cha buluu. Kijana akiyumba mama anatia kigoda chini, kijana anakaa, mama anammwagia maji miguuni, anamfuta uso, ngoma zinabadilika, kijana anainuka, mama anaokota kigoda. Ngazi zote zile. Wengi wala hawajichomi, wanabeba chungu cha maziwa kichwani tu. Na wote wamefunga wiki nyingi kabla, nyama hawagusi.

Kuna watakaosema Muislamu ataka nini pale. Nilikwenda kutazama majirani zangu wa Gombak, sikula cha hekaluni, sikusimama njiani mwao, na kamera sikuitia mtu usoni. Kando ya njia kuna vibanda vinagawa maji na chakula bure kwa yeyote apitaye, hapo nilikumbuka sana msikiti wetu wa Riyadha na masinia ya Maulidi, wageni kutoka Komoro na Tanzania wanalishwa na hawajui hata jina la aliyewapikia. Nenda alfajiri. Baada ya saa nne asubuhi ni jua na vumbi na huwezi hata kugeuka.

Raya usisafiri. Nasema kwa herufi kubwa: USISAFIRI. Tiketi zitakuwa ghali ama hazipo, miji ya watalii imelala, na wewe Muislamu wa kigeni ndo siku yako ya kualikwa. Kaa karibu na chuo, nyumba ziko wazi, unaingia kwa mtu humjui unakula ketupat na rendang, watoto wanapewa bahasha za kijani zenye pesa, na mwanafunzi mwembamba mwembamba pia huhesabiwa mtoto. Maulidi kwao ni siku moja ya mapumziko na maandamano yenye mabango, wanapiga kompang, kidufu kipana cha mkononi, nzuri, nimesimama nimesikiliza, lakini nasema ukweli nilizima simu siku ile nisione watu wanarusha video za matwari na mbio za punda wa huku. Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, mtu wa Amu akiwa nje asijitese.

Melaka nimeulizwa pia. Treni haifiki mjini, kwa hiyo hapo basi halina budi, kutoka TBS, kituo kikuu cha mabasi cha KL, masaa mawili hivi, ringgit 10 hadi 15, na soko la usiku la Jonker ni Ijumaa hadi Jumapili. Kwangu mimi watu wengi mno na vitu vya plastiki, ila kuna nyumba ya makumbusho ya Cheng Ho, yule amirali wa Kichina, ambaye misafara yake ilifika mpaka huku kwetu, na wenzetu wa Malindi wana haki ya kutamba pale manake ni wao waliompeleka twiga China mwaka 1415. Niliwaambia wanafunzi wenzangu wa Kichina, wakawa wanaijua habari ya twiga kuliko mimi.

Kurudi. Jumapili usikate treni ya mwisho ya usiku kwa ajili ya kubana masaa ya kutembea. Ikifika KL Sentral, LRT ya Gombak inakaribia kufunga, na teksi za programu saa hizo zinapandisha bei na kila aliyeshuka anaitafuta moja. Chukua ya alasiri, kaa upande wowote maana ziwa liko pande zote mbili, na kwenye feri ya kurudi Butterworth kaa nje. Hiyo ya alasiri ndo inayojaa kwanza, kwa hivyo ukikata ya kwenda, kata na ya kurudi dakika hiyo hiyo.